Rimu Kubwa katika Njia ya Kamango

Mji wa Butembo, uliojengwa juu ya vilima vyekundu vya Kivu ya Kaskazini, umejipatia sifa baina ya miji ya Kongo kwa jambo moja ambalo wageni hulistaajabia: kwamba wafanyabiashara wake, Wanande kwa wingi wao, walikwenda Dubai, Hong Kong na Guangzhou kutafuta bidhaa katika zama ambazo serikali haikuweza hata kuwatunzia barabara ya kufikia maduka yao, wakawa ni wao wenyewe wanaochangishana fedha ili malori yapite. Si ajabu, basi, kwamba katika mji kama huo utajiri hupenda kuonekana juu ya magurudumu. Nyumba ya tajiri imezungukwa na ukuta, na hesabu zake zimo kabatini. Gari lake ndilo lililo dhahiri kwa kila mpita njia, na katika gari lenyewe sehemu ambayo jicho huiangukia kwanza ni rimu, au janti kama wasemavyo mafundi wa huko.

Mwenye gari la fahari, liwe Land Cruiser ya V8, Lexus LX 570 au Range Rover, hata kama limemfikia kwa taabu kutoka bandari ya Mombasa, likapita Malaba na Kampala na Kasese hadi Mpondwe, ambako dereva huacha mkono wa kushoto wa Waganda akashika mkono wa kulia wa Wakongo, aghalabu haoni kwamba limekamilika mpaka alivue rimu lilizotoka nazo kiwandani, za inchi 18 au 20, na kulivika za inchi 22, pamoja na matairi mapana yenye ubavu mfupi unaokaribia kufunikwa kwa kiganja cha mkono. Siwacheki watu hawa. Matajiri wa Lamu na Unguja walichongesha milango yenye nakshi na misumari ya shaba, wala hakuna aliyewauliza nakshi ile iliongeza nini katika kazi ya kufunga nyumba. Ila mlango haukusafiri, na gari husafiri. Na likitoka Butembo kwenda Beni, kisha likaelekea Kamango, nakshi ya magurudumuni hutakiwa kufanya kazi ambayo haikufikiriwa na aliyeichora.

Nambari zilizopigwa chapa ubavuni mwa tairi ni hati, na asiyeweza kuisoma hana hoja mbele ya fundi. Tuchukue tairi la Land Cruiser ya mfululizo wa 200 kama Toyota walivyoliweka: 285/60R18. Hapo 285 ni upana wake kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kwa kila mia ya upana ule. R yaarifu kwamba nyuzi zake zimepangwa kwa namna ya radiali, ambayo Michelin waliipatia hataza mwaka 1946. Na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hesabu hiyo ubavu ni milimita 171, na tairi zima likisimama lina kimo cha milimita 799. Sasa tuchukue 305/40R22, lililo mashuhuri kwa wenye kutaka rimu kubwa katika magari ya aila hii: ubavu wake ni milimita 122, na kimo milimita 803. Nyongeza ya kimo, baada ya gharama yote ile, ni milimita 4. Na tukilitazama tairi la 7.50R16, lililo katika Land Cruiser za kazi, zile zinazopakia wagonjwa, wauguzi na magunia, tutaona kwamba nalo lina kimo cha karibu sentimita 80 zile zile. Magurudumu matatu haya yakisimamishwa ukutani, vichwa vyake vitakuwa sawa; tafauti yake yote ni kiasi gani cha kimo hicho ni madini na kiasi gani ni upepo uliofungiwa katika mpira.

Na upepo ndio unaobeba gari. Tairi likiingia shimoni kwa kasi, ukingo wa shimo hulisukuma kuelekea rimu. Ubavu mrefu hupata nafasi ya kukunjika na kurudi, ilhali ubavu mfupi hubanwa baina ya jiwe na rimu hata nyuzi za ndani zikakatika, ingawa mpira wa nje haukupasuka. Siku ya pili yake hutokea nundu ubavuni, na nundu hiyo haina dawa, kwa kuwa mahali pale hapana tena kinachouzuia upepo isipokuwa mpira mtupu, ambao utapasuka wakati usiotazamiwa. Wala rimu haisalimiki. Rimu ya chuma cha kawaida ikipinda huwekwa juu ya jiwe, ikapigwa nyundo, ikarudi kazini na sura mbaya. Rimu ya alumini hufanya ufa, na kuichomelea kwataka mtambo wa gesi ya argoni na mkono wa fundi ajuaye, na hata hapo hakuna fundi mwaminifu atakayekula kiapo kwamba imepona.

Kwa fundi wa pancha, ambaye Wakongo humwita kwado, mambo haya hayahitaji kitabu. Rimu ya inchi 22 ikifikishwa kwake huitandikia gunia kwanza, kwa kuwa mkwaruzo mmoja ni ugomvi na mwenye mali. Hupaka sabuni ukingoni mwa tairi, huweka kipande cha tyubu kuukuu chini ya kila mtaimbo, kisha huanza kushindana na ubavu mgumu ambao, kwa ufupi wake, haukubali kuvuka ukingo wa rimu ila kwa nguvu na saburi. Tairi likitoka, huizungusha rimu taratibu na kusimamisha msumari karibu na ukingo wake. Mahali ukingo unapousogelea msumari na mahali unapoukimbia ndipo palipopinda, na mwenye gari, aliyekuwa akimlaumu fundi wa usukani kwa mtetemo aliousikia mikononi tangu alipotoka Beni, huyaona makosa ya njia kwa macho yake.

Matairi yaliyokufa hayatupwi. Mpira wake hukatwa ukanda ukavikwa gurudumu la mti la chukudu, kile chombo cha mbao ambacho vijana wa Kivu hukisukuma mlimani na kukipanda wakiteremka, kikiwa kimebeba viazi, makaa au mbao. Na chukudu, nataka kulisema hili kwa insafu, ni chombo ambacho aliyekibuni aliitazama njia kabla hajakichonga.

Mtu akinunua rimu huko ughaibuni kwa kutazama picha, matatizo huanza hata kabla ya kuingia njiani. Land Cruiser ya 200 na Lexus LX 570 hufungwa kwa nati 5 zilizopangwa katika duara ya milimita 150. Prado ina nati 6 katika duara ya milimita 139.7, Range Rover kwa miaka mingi imekuwa na nati 5 katika duara ya milimita 120. Rimu ya moja haikubali katika nyingine, na anayelazimisha kwa vipande vya kati, ambavyo vijana huvipenda kwa kuwa huyatoa magurudumu nje ya bodi na kulipa gari kifua, ajue kwamba ameuongeza mkono wa mzigo juu ya beringi. Tundu la katikati nalo sharti lilingane na kitovu. Likizidi, gari hutetemeka hata katika lami. Kisha kuna namna rimu ilivyokaa ndani au nje kuhusu uso unaofungwa na nati: rimu ikitoka nje kwa sentimita chache tu, tairi pana huikwaruza bodi kila usukani ukikatwa hadi mwisho, na katika njia ya matope hurusha udongo juu ya milango na vioo.

Jambo jingine katika hati ile ya ubavuni ni nambari ya uzani. Tairi la asili la Land Cruiser hiyo huwa na 116, yaani kila moja laweza kubeba kilo 1,250. Mengi ya 285/40R22 huandikwa 110, na hiyo ni kilo 1,060. Gari tupu halitalalamika. Lakini gari linalotoka Butembo halitoki tupu, maana hata tajiri akienda msibani hupakia jamaa, magunia na madumu ya mafuta, na sehemu kubwa ya mzigo huo hukaa juu ya magurudumu mawili ya nyuma.

Kamango yenyewe, katika uchifu wa Watalinga, iko chini katika bonde la mto Semuliki, milima ya Ruwenzori upande mmoja na mpaka wa Uganda, wilaya ya Bundibugyo, mbele yake. Ni nchi ya kakao, na mavuno yake mengi huvuka mpaka pale Nobili. Anayetoka Beni huandama barabara ya taifa hadi Mbau, kisha hukata mashariki na kuingia msituni, akapita pembe ya kaskazini ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kuvuka Semuliki. Ni udongo ambao mvua hugeuza kuwa utelezi, na mifereji ya malori ambayo jua hukausha kuwa migumu kama ilivyochimbwa. Wapitao humo aghalabu ni pikipiki, malori na Land Cruiser kuukuu. Gari la fahari huonekana linapomleta mnunuzi mkubwa wa kakao, au mwanasiasa wakati wa uchaguzi.

Watanzania wanalijua daraja la Semuliki kwa sababu nyingine. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Umoja wa Mataifa katika njia hii ilishambuliwa, na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, katika shambulio ambalo waasi wa ADF walilaumiwa kwalo. Mwezi Julai 2013 Kamango yenyewe ilikuwa imevamiwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Bundibugyo kwa miguu. Novemba 2021 majeshi ya Uganda yaliingia kushirikiana na ya Kongo, na mitambo ya barabara ikaingia pamoja nayo, kwa kuwa jeshi nalo lilikwama. Nimeyataja haya kwa muradi mmoja: katika njia kama hii kusimama kubadili tairi si taabu ya nusu saa tu. Dereva anayejua msitu ule hutaka gurudumu litakaloendelea kuzunguka, na uzuri wake haumshughulishi.

Basi nini kivikwe? Shauri langu ni kwamba mwenye gari la fahari anayetaka magurudumu makubwa na ayakuze kwa mpira, aiache rimu ilivyo. Rimu zile zile za inchi 18 zaweza kupokea tairi la 285/65R18 lenye meno ya matope: ubavu hufika milimita 185, kimo milimita 828, na tumbo la gari huinuka kwa milimita 14, jambo ambalo rimu ya inchi 22 haikulifanya. Tena tairi lenye ubavu mrefu laweza kupunguzwa upepo, kutoka paundi 33 zinazopendekezwa hadi 20 na ushee, likalala na kushika tope; fanya hivyo kwa tairi la ubavu mfupi, na rimu itaigusa ardhi kabla hujatoka shimoni. Kuna kodi yake. Kipimo cha mwendo kitasema uongo, kwa kuwa kikionyesha 80 gari litakuwa linakwenda karibu 83. Mafuta yatazidi kidogo. Na plastiki ya ndani ya bodi huenda ikahitaji kukatwa kidogo. Kushuka chini ya inchi 18, hata hivyo, si rahisi kwa magari mapya, kwa sababu breki zimekua nazo. Range Rover ya kwanza, mwaka 1970, ilitoka na rimu za inchi 16. Ya leo hutolewa kiwandani hata na za inchi 23, na wahandisi wa kiwandani na vijana wa Butembo, kwa kadiri nionavyo, wamekosea kwa shauku moja.

Lami ikifika, hoja itabadilika. Tarehe 16 Juni 2021 Marais Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223 ndani ya Kongo, zikiwamo 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Juu ya lami iliyonyoka tairi pana lenye ubavu mfupi huutii usukani upesi na haliyumbi katika kona, na anayelisifu kwa hilo hasemi uongo. Kamango haimo katika kilomita zile.

Asisahau, mwenye safari, tairi la akiba. Land Cruiser ya 200 huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na difa ya kati ndiyo inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma. Ukifunga tairi lenye kimo tafauti na mengine matatu, difa hiyo hufanya kazi bila kupumzika, ikapata moto na kuliwa. Kwa hiyo anayekwenda Kamango achukue mawili ya akiba yenye kimo sawa na manne yaliyo chini, asome ubavuni tarakimu 4 za juma na mwaka yalipotengenezwa ili asije akauziwa tairi lililozeeka dukani, na zile rimu za inchi 22 aziache Butembo kwa ajili ya harusi za Jumamosi.