Kitabu cha Picha na Goti Lililochubuka: Kufundisha Huduma ya Kwanza katika Madarasa ya Chini

Mwalimu wa madarasa ya chini huitwa na watoto mara kwa mara kwa ajili ya majeraha madogo. Mmoja ameanguka katika mchezo wa kukimbizana, mwingine amechomwa na mwiba, wa tatu amejikata kwa wembe wa kuchongea penseli. Matukio haya ni madogo, lakini ndani yake mna masomo mawili makubwa: somo la afya na somo la utu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kitabu cha picha kinavyoweza kuyaunganisha masomo hayo, na mambo ambayo mwalimu hana budi kuyaongeza kwa kuwa picha peke yake haiwezi kuyasema.

Kitabu chenyewe

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni kitabu cha Kimarekani kiitwacho Doctor Dan the Bandage Man, yaani Daktari Dan Mfunga Vidonda. Kiliandikwa na Helen Gaspard, picha zikachorwa na Corinne Malvern, nacho kikatolewa mwaka 1950 katika mfululizo wa Little Golden Books. Mfululizo huo ulianza mwaka 1942 kwa vitabu 12, kila kimoja kikiuzwa senti 25 za dola, ili wazazi wengi waweze kuvinunua. Ndani ya kitabu cha Dan mlitiwa plasta halisi za kampuni ya Johnson & Johnson, na uchapaji wa kwanza ulikuwa wa nakala milioni 1.75. Mwaka 1952 kilifuata kitabu mwenziwe, Nurse Nancy, kilichoandikwa na Kathryn Jackson na kuchorwa na msanii yule yule.

Kisa chake ni chepesi. Dan anaumia akicheza; mama yake anamtunza na kumbandika plasta. Kisha mambo yanageuka: Dan aliyetunzwa anakuwa mtunzaji, akiwahudumia wengine wanaomzunguka nyumbani. Mgeuko huo ndio kiini cha kitabu, na ndio unaokifanya kifae darasani. Mtoto haambiwi kwamba kuwasaidia wengine ni jambo jema. Anamwona mtoto wa kimo chake akilitenda, na akifunga kitabu anatamani kulitenda yeye mwenyewe.

Plasta nayo ina historia inayofaa kusimuliwa. Mwaka 1920 Earle Dickson, mnunuzi wa pamba katika kampuni hiyo hiyo, alimwona mkewe Josephine akijikata na kujiunguza mara kwa mara jikoni. Akaweka vipande vya shashi juu ya utepe wenye gundi, ili mkewe aweze kukata kipande na kujifunga mwenyewe hata kama yuko peke yake. Kwa hiyo kifaa hicho kilizaliwa kutokana na mtu kumjali mwenziwe.

Upungufu wa kuzingatia

Mwanachuo asikisifu kitabu pasipo kukipima. Kwanza, plasta zilizotiwa ndani zilikuwa pia tangazo la biashara. Msomaji mdogo huitazama plasta, akadhani kwamba plasta ndiyo inayoponya. Sivyo. Ngozi hujiponya yenyewe. Kazi ya plasta ni kulinda jeraha lisiingiwe na uchafu na lisikauke mno. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwamba jeraha lililofunikwa na kubaki na unyevu hujengeka ngozi mpya upesi kuliko lililoachwa likauke kwa hewa. Lakini kufunika jeraha ambalo halijaoshwa ni kuufungia uchafu ndani. Hatua inayookoa ni maji, na hatua hiyo ndiyo watoto huisahau, kwa kuwa haina mapambo.

Pili, katika vitabu hivi viwili mvulana ni daktari na msichana ni muuguzi. Hayo yalikuwa mawazo ya miaka ile. Darasani, wasichana na wavulana wote wapewe zamu ya kuosha, kufunga na kufariji.

Tatu, si kila shule ina plasta. Mwalimu akifundisha kana kwamba huduma ya kwanza huanzia dukani, mtoto asiye na plasta atarudia yale anayoyaona mitaani: kupaka udongo, majivu au kinyesi cha ng'ombe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, na pepopunda huua. Hii ndiyo sababu somo hili si la kupitishia wakati.

Hatua za somo

Somo lijengwe juu ya maneno manne ambayo mtoto wa darasa la kwanza aweza kuyashika: pole, osha, funika, sema.

Hatua ya kwanza ni kusoma picha. Mwalimu asikimbilie maneno. Awaulize watoto: Nani ameumia? Mwajuaje? Aliye karibu naye anafanya nini? Baadaye awaulize ni jambo gani lililotendeka kati ya picha hii na ile inayofuata. Hapo watoto watagundua hatua ya kuosha, hata kama mchoraji ameipita kwa haraka.

Hatua ya pili ni pole. Lugha yetu imetupa neno fupi ambalo lugha nyingi hazina mfano wake. Watoto wazoezwe kuchuchumaa karibu na aliyeumia, kumwambia “Pole, ndugu yangu,” na kungoja ajibu “Asante, nimeshapoa,” au aseme mahali panapouma. Hapa mwalimu aijadili methali isemayo kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hiyo humwonya mtu mzima ajitakiaye shari; haifai kuwa kanuni ya kuwatunza watoto. Mtoto anayejua kwamba atakaripiwa au kuchapwa kwa kuanguka kutoka mtini atalificha jeraha lake, na jeraha lililofichwa ndilo linalooza. Kumwonya kuna wakati wake, baada ya jeraha kuoshwa.

Hatua ya tatu ni kuosha. Mwalimu asage chaki ya rangi, aipake mkononi mwa mtoto iwe mfano wa uchafu, kisha mtoto mwingine amimine maji safi kutoka katika kopo hadi rangi yote itoke. Darasa lihesabu kwa sauti. Wataona kwamba maji kidogo huacha rangi katika mikunjo ya ngozi, na kwamba kuosha kwa kweli kunataka subira. Mwalimu aeleze kwamba mwenye kuosha hunawa mikono yake kwanza, na kwamba sabuni hutumika kuzunguka jeraha. Spiriti na dawa kali zisimiminwe ndani ya jeraha, kwani huunguza nyama changa inayojijenga.

Hatua ya nne ni kufunika. Plasta ikiwapo ni vyema. Isipokuwapo, kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukaushwa vizuri chatosha. Kikilowa au kuchafuka, kibadilishwe.

Hatua ya tano ni kusema. Mtoto ajue mipaka yake. Damu ya mwenziwe asiiguse kwa mkono mtupu, kwa maana virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vyaweza kupita katika damu. Kazi yake ni kumfariji mwenziwe, kuleta maji na kumwita mkubwa. Aliyeumia aweza kubana jeraha lake mwenyewe kwa kitambaa safi. Mwalimu naye avae glavu, au mfuko safi wa plastiki mkononi ikiwa hana glavu.

Majeraha yasiyo madogo

Kitabu cha Dan ni cha mikwaruzo tu. Mwalimu lazima aitambue hali inayopita mkwaruzo. Damu isiyokoma baada ya kubanwa kwa dakika 10, jeraha lililo wazi na la kina, msumari uliozama mguuni, uchafu usiotoka kwa maji, wekundu unaoenea au usaha: yote haya ni ya kupelekwa kwenye kituo cha afya, na mzazi aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Mtoto aliyeumwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama alama ya meno ni ndogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa; lakini chanjo ikitolewa mapema humwokoa.

Iwapo kitabu hakipatikani

Mwanachuo asingoje kitabu kutoka ng'ambo. Kwa migongo ya kalenda zilizopita au karatasi za mifuko ya saruji aweza kutengeneza kitabu cha kurasa 6: mtoto anacheza, anaanguka, mwenziwe anampa pole, maji yanamiminwa, jeraha linafunikwa, na katika ukurasa wa mwisho, aliyeumia jana anamhudumia mwingine leo. Ukurasa huo wa sita usiachwe kamwe. Bila huo, kitabu kinafundisha kutibiwa. Pamoja nao, kinafundisha kutunza. Picha ziwe za mazingira ya shule yenyewe: kiwanja chake, mtungi wake, sare yake.

Kulipima somo

Mtihani wa maandishi hautamwonyesha mwalimu kama somo limefaulu, kwani mtoto aweza kuyataja maneno yote manne na bado akamcheka mwenziwe aliyeanguka. Kipimo kiko kiwanjani. Katika majuma yafuatayo mwalimu atazame wakati wa mapumziko: mtoto akianguka, je, wenziwe wanasimama na kucheka, au mmoja anachuchumaa, wa pili anakimbilia maji, na wa tatu anakuja ofisini kusema? Ikiwa ni hivyo, somo limeshika. Ikiwa sivyo, kitabu kifunguliwe tena, na picha ya kwanza isomwe upya.