Muzee anayesahau si mulozi

Wandugu, wengi wetu tumekwisha kuitwa katika jamaa ambamo muzee anazunguka usiku, anasema na watu wasiokuwapo, hajui tena majina ya watoto wake. Pale watu wanasema upesi: mulozi. Basi inafaa tujue ginsi ubongo unavyoharibika.

Katika mwaka 1906 Alois Alzheimer, munganga wa Udachi, alieleza habari ya mwanamuke aliyeletwa hospitali ya Frankfurt katika mwaka 1901, akiwa na miaka 51. Alipokufa, Alzheimer alitazama ubongo wake kwa mikroskopi, akaona uchafu ulioganda kati ya chembe, na ndani ya chembe nyuzi zilizofungamana. Uchafu ule ni proteini iitwayo amiloidi. Nyuzi ni proteini ingine, tau.

Proteini ni kama uzi wa shanga, na mupango wa shanga unaandikwa katika jeni tunazopokea kwa baba na mama. Proteini moja, apolipoproteini E, ina shanga 299. Kazi yake ni kuchukua mafuta katika damu na ubongo. Ziko namna tatu: E2, E3, E4. E3 na E4 zinaachana kwa ushanga mumoja tu, ule wa 112. (Mimi nilihesabu mara mbili, nisiamini.) Lakini katika mwaka 1993 wanganga wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba E4 inazidisha hatari ya ugonjwa huu, zaidi kwa yule aliyeipokea kwa wazazi wote wawili. E2 inaipunguza.

Hatari si hukumu. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nijeria, E4 iko kwa wengi, lakini nguvu yake ilionekana ndogo kuliko kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis.

Iko jeni ingine kali zaidi. Katika Antioquia, inchi ya Kolombia, jamaa kubwa inarizi presenilini 1 iliyogeuka: kila mutoto wa muzazi mwenye jeni ile anaweza kuipokea, nafasi moja kati ya mbili, na waliyoipokea wanaanza kusahau karibu na miaka 44. Jirani angesema ukoo umelaaniwa. Lakini mwanamuke mumoja aliyeipokea alibaki na akili mpaka miaka 70 na zaidi. Katika mwaka 2019 wanganga walieleza kwamba alipokea pia, kwa baba na kwa mama, apolipoproteini E yenye ushanga wa 136 uliogeuka, inayoitwa Christchurch. Amiloidi ilijaa ubongoni mwake. Nyuzi za tau zilikuwa chache.