Mwanafizikia wa chembe hapimwi kwa hesabu ya makala peke yake

Mwanafunzi wa Nyantende, pembezoni mwa Bukavu, akiandika jina la Ketévi Assamagan kwenye INSPIRE, hifadhi ya mtandaoni ya makala za fizikia ya chembe, atapata orodha ya makala zaidi ya elfu moja. Ni nadra sana mtu kuandika makala elfu moja za utafiti kwa mkono wake. Je, takwimu hiyo ina maana gani?

Assamagan ni Mtogo aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, mwaka 1995. Leo ni mtafiti wa Maabara ya Taifa ya Brookhaven, jimbo la New York, na mmoja wa wanasayansi wa ATLAS, mtambo mkubwa wa CERN kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa.

Sehemu kubwa ya orodha yake inatokana na ATLAS. Huko kila makala hubeba majina ya wote waliojenga mtambo, walioulinda na waliochambua data, kwa mpangilio wa alfabeti. Makala ya 2012 iliyotangaza kupatikana kwa chembe ya Higgs ina waandishi karibu 3,000, na anayetangulia ni G. Aad, kwa sababu ya herufi za jina lake tu. Mwaka 2015, ATLAS na wenzao wa CMS walichapisha kwa pamoja kipimo cha uzito wa chembe hiyo wakiwa waandishi 5,154. Kati ya kurasa 33, kurasa 24 zilikuwa majina na taasisi.

Hapo ndipo vipimo vya kawaida vinapoyumba. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h: mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa mara 20 au zaidi. Kipimo hicho hakiulizi waandishi walikuwa wangapi. Kwa hiyo kijana aliyejiunga na ATLAS juzi anaweza kumpita kwa mbali profesa aliyefanya kazi peke yake miaka 30.

Lakini ndani ya orodha ya Assamagan ipo makala moja ya 1996 yenye waandishi 11 tu, naye akitangulia. Ilitokana na kazi iliyofanyika Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi. Chembe iitwayo pioni ikivunjika hutoa mioni na nyutrino. Nyutrino haishikiki kirahisi, lakini mwendo wa mioni unapimika. Ni kama mama wa sokoni anayejua uzito wa kikapu kizima na wa alichokwisha kutoa. Kilichobaki anakijua bila kukigusa. Kwa njia hiyo walionyesha kwamba nyutrino ya aina ya mioni haizidi 0.17 MeV, kama theluthi moja ya uzito wa elektroni.

Vipimo vya anga za mbali vimetoa mipaka midogo zaidi kwa njia nyingine. Hata hivyo, kwa upimaji wa moja kwa moja, matokeo ya 1996 bado yamo katika jedwali la kimataifa la chembe, na watafiti wanaendelea kuyataja.

Kuna kazi yake nyingine ambayo hesabu ya kutajwa haiioni kabisa. Mwaka 2010 Assamagan na wenzake, akiwemo Steve Muanza wa kituo cha utafiti cha CNRS, Ufaransa, walianzisha Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi na Matumizi yake. Ilianzia Afrika Kusini, ikaenda Ghana 2012, Senegal 2014, na mwaka 2016 ikafika Kigali. Kutoka Bukavu hadi Kigali ni kuvuka mto Ruzizi na safari ya basi isiyomaliza siku.

Kwa Kivu Kusini hilo lina uzito. Moroko na Afrika Kusini zina vyuo ndani ya ATLAS. Kongo si mwanachama wa CERN. Kusoma kumekuwa rahisi: tangu 2014 makala nyingi za fani hii zinasomwa bure, na Julai 2024 ATLAS ilifungua data nyingi za utafiti kwa umma. Mwenye simu na mega za kutosha anaweza kuzifikia akiwa Nyantende. Lakini jina haliingii kwenye orodha ya waandishi kwa kusoma. Linahitaji chuo kilichokubaliwa kushiriki, msimamizi, na miaka ya kazi.

Shule hiyo huwalenga wanafunzi wa chuo kikuu wa fizikia, hisabati, kompyuta na uhandisi. Mwanafunzi anayetafuta msimamizi afungue makala zenye waandishi wachache, kisha aangalie waliofundishwa na mtafiti huyo wamefika wapi. Hayo mawili yatamweleza zaidi kuliko h.