Buibui wa Nyumbani na Makosa Anayosingiziwa

Nyumba za mabati na udongo za mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi zina mianya mingi, na buibui hukaa humo kwa sababu ndimo wanamopata mawindo. Karibu kila buibui ana sumu ya kuulia wadudu anaowala. Hata hivyo, kati ya aina zaidi ya 50,000 zinazojulikana duniani, ni chache tu zinazoweza kumdhuru mtu.

Anayetisha zaidi ni buibui bapa mwenye miguu iliyotandazika, ambaye hutimka ukutani taa inapowashwa. Huyu hafumi utando wa kunasia. Huvizia wadudu usiku, na mtu akimkaribia hujipenyeza ufani. Buibui mwenye miguu mirefu kama nyuzi huning'inia kwenye pembe za dari, na akiguswa hutikisika kwa nguvu. Buibui mrukaji ni mdogo, na macho yake mawili ya mbele ni makubwa. Jamaa yake wa kandokando ya Ziwa Victoria, Evarcha culicivora, amechunguzwa na watafiti katika kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, huko Mbita. Yeye hupendelea kuwinda mbu jike aliyeshiba damu.

Wa kujihadhari naye ni buibui aitwaye kitaalamu Latrodectus geometricus. Ana rangi ya kahawia, tumbo la mviringo, na chini ya tumbo alama ya rangi ya chungwa kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Vifuko vyake vya mayai vina vijiba vilivyochomoza pande zote. Hujificha chini ya viti na kwenye vyombo vilivyoachwa nje, na huuma hasa anapobanwa.

Malengelenge ya msimu wa mvua mara nyingi husingiziwa buibui, ilhali chanzo ni Nairobi fly, mbawakawa mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimfanya azagae Nairobi. Haumi, bali akipondwa juu ya ngozi hutoa pederini, kemikali inayounguza, na vidonda hutokea baada ya siku moja au mbili. Apulizwe atoke, kisha ngozi ioshwe kwa maji na sabuni.

Aliyeumwa na buibui aoshe jeraha na kulikanda kwa kitambaa baridi. Maumivu yakisambaa, misuli ikikaza au jasho likimtoka sana, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Buibui asiyetakiwa ndani afunikwe kwa kikombe, kadi ipitishwe chini yake, kisha atolewe nje akiwa hai.