Kabla ya kumvisha mtoto viatu, tazama anapokanyaga

Wiki ya mwisho kabla ya Idi au Krismasi, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo haupitiki. Viatu vya watoto vimemwagwa juu ya maturubai, vimening'inizwa kwenye miavuli, vingine wachuuzi wamevivaa mikononi kama glovu: vyenye taa nyekundu kisiginoni, vinavyolia kila mtoto akikanyaga, na vibuti vya kufunga kamba hadi juu ya kifundo cha mguu. Mnunuzi mara nyingi amekuja peke yake, mtoto amebaki nyumbani na dada. "Ana umri gani?" mchuuzi anauliza. "Mwaka na miezi miwili." Inachomolewa pea, mama anaomba namba mbili zaidi ili mtoto akue nayo, wanapatana bei, biashara imekwisha. Mwenye mguu hakuwepo.

Kiatu cha mtoto mdogo kina kazi moja ya lazima, nayo ni kumkinga na kilichopo chini: kokoto, msumari, chupa iliyovunjika, lami iliyochemka kwa jua, udongo wenye minyoo. Hakimfundishi kutembea, hakiharakishi hatua ya kwanza, wala hakinyoshi matege. Mzazi akilishika hilo, maswali mengi ya dukani yanajijibu.

Mguu unaoendelea kuumbwa

Unyayo wa mtu mzima una mifupa 26. Kwa mtoto mchanga sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu, laini na ya kupindika, na kukomaa kwake huendelea hadi ujana. Chini ya uvungu wa unyayo kuna pedi ya mafuta, ndiyo maana karibu kila mtoto wa mwaka mmoja huonekana ana nyayo bapa. Uvungu hujitokeza taratibu, kwa wengi kabla ya kufikisha miaka kumi, bila msaada wa kiatu chochote.

Ulaini huo una hatari yake. Kiatu kinachombana mtu mzima humtoa machozi. Kwa mtoto, gegedu hufuata umbo la kiatu, vidole hukunjamana, naye anaendelea kucheza. Kimya chake si ushahidi kwamba kiatu kinamtosha.

Wapo wanaosema samaki mkunje angali mbichi, hivyo mguu laini utiwe ndani ya kiatu kigumu ili ukae sawa. Methali ni nzuri kwa malezi, lakini kwa nyayo haikuthibitika. Mwaka 1989 madaktari wa mifupa nchini Marekani, wakiongozwa na David Wenger, walitoa matokeo ya utafiti wa miaka mitatu kwa watoto 129 wa umri wa mwaka mmoja hadi sita wenye nyayo bapa zinazopindika. Wapo waliovishwa viatu maalumu vya kurekebisha, wapo waliovaa vya kawaida. Nyayo za makundi yote ziliimarika, na viatu maalumu havikuleta tofauti.

Miaka mitatu baadaye, nchini India, madaktari Rao na Joseph walichunguza watoto 2,300 wa miaka minne hadi 13. Miongoni mwa waliovaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Miongoni mwa waliotembea peku, asilimia 2.8. Na kati ya waliovaa, wa viatu vya kufunika vidole ndio walioathirika zaidi kuliko wa ndala na sandali. Bibi aliyemwacha mjukuu atambae na kusimama peku juu ya mkeka hakuwa amezembea.

Lini avae, lini aachwe

Asiyeanza kutembea hahitaji viatu. Akisikia baridi, soksi zinatosha, mradi zisibane vidole wala kuacha alama kifundoni. Vile viatu vya kubatizwa, kuchanjwa au kupigwa picha vivaliwe kwa shughuli yake, kisha vivuliwe.

Hatua za kwanza huja kwa wakati wake. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Oman ikiwemo, na mwaka 2006 likachapisha kipimo chake: kutembea bila kushikwa huanza kati ya miezi minane na karibu 18. Mtoto wa miezi 13 ambaye bado anashika kuta hajachelewa, wala hakosi kitu ambacho duka linaweza kumuuzia.

Akishaanza, ana kazi nzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliwahesabia hatua watoto wa miezi 12 hadi 19 wakiwa wanacheza: kwa wastani hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Katika hatua hizo vidole hujifunza kung'ang'ania sakafu, na unyayo hujifunza kuipa akili habari za chini. Kwa hiyo ndani ya nyumba iliyofagiwa, juu ya zulia, mkeka au sakafu kavu, mtoto akae peku.

Nje ni habari nyingine, na hapa ushauri wa vitabu vya Ulaya lazima upimwe na ardhi yetu. Viluwiluwi vya minyoo ya safura huishi kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hutoboa ngozi ya mguu, na minyoo ikikomaa tumboni hunyonya damu hadi mtoto akapungukiwa. Kwenye vumbi kuna funza, ambao hupendelea pembezoni mwa kucha, katikati ya vidole na kisigino. Msumari wenye kutu unakumbusha pepopunda. Kwa mtoto anayecheza uani penye kuku, njia ya mtaroni na jalala la jirani, kiatu ni kinga kama chandarua. Na palipo na funza kiatu peke yake hakitoshi: funza huzaliana hata kwenye sakafu ya udongo ndani ya nyumba, hivyo miguu ioshwe na kukaguliwa kila jioni, na sakafu ishughulikiwe.

Kupima bila kubahatisha

Kama mtoto hawezi kwenda sokoni, karatasi itamwakilisha. Mpime jioni, maana miguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, msimamishe kisigino kikiwa ukutani na uzito wote miguuni, kisha piga mstari mbele ya kidole kirefu zaidi. Kwa wengine kirefu ni cha pili, si gumba. Pima miguu yote miwili na ushike kipimo cha ule mkubwa. Ongeza milimita 10 hadi 12, karibu upana wa kidole cha mwisho cha mtu mzima. Kata ufito au kipande cha boksi chenye urefu huo, uende nacho sokoni ukitumbukize ndani ya kiatu. Kikipinda, kiatu ni kidogo. Kikiteleza huku na huko, ni kikubwa.

Namba iliyoandikwa kwenye soli haitoshi. Namba moja ya Ulaya ni milimita 6.7, ya Uingereza inakaribia milimita 8.5. Katika rundo la mitumba la soko la Karume au Gikomba hesabu hizo zimechanganyika, na soli nyingine maandishi yalishafutika.

Mtoto akiwepo, wengi hubonyeza ncha ya kiatu kutafuta kidole. Njia hiyo hudanganya, kwa sababu mtoto akibonyezwa hukunja vidole, nawe ukadhani nafasi ipo. Kama soli ya ndani inatoka, ichomoe, msimamishe juu yake, na utaona kwa macho kilichobaki mbele na kama nyama ya mguu inamwagika pembeni.

Sasa turudi kwenye zile namba mbili za ziada. Kati ya mwaka mmoja na mitatu unyayo hurefuka kwa takriban milimita moja na nusu kwa mwezi, yaani namba moja ya Ulaya kwa kila miezi minne na nusu hivi. Mama aliyeongeza namba mbili ameweka milimita 13 juu ya nafasi ya kawaida. Anaziba pengo kwa pamba au gazeti, mtoto anaburuta miguu na kujikwaa, na itakapofika siku ya kumkaa sawasawa, soli imeshalika upande. Afadhali kiatu cha bei ndogo kinachomkaa leo, na kipimo kirudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Kiatu kizuri kikishikwa mkononi

Kikunje. Kipinde mbele, pale vidole vinapoanzia, kwa nguvu ya vidole vyako viwili. Kisipopinda, mtoto hatakipinda. Kikipinda katikati kama kitambaa, hakina mhimili. Bonyeza nyuma ya kisigino: pasibonyee pote. Mbele pawe pana na mviringo, soli iwe bapa, nyembamba, yenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi. Mkanda wa kunasisha au wa kifungo ukae juu ya mguu usichomoke. Ndala na yeboyebo zinafaa bafuni na uani, ila kwa anayejifunza kutembea zile zisizo na mkanda wa nyuma humlazimisha akunje vidole ili zisimtoke. Maua na shanga za kung'oka huishia kinywani. Vya taa vina betri ndogo ndani. Soli ikipasuka vitupwe, kwa kuwa betri ikimezwa huunguza koo.

Cha mtumba kisikataliwe kwa jina lake. Kiweke mezani, ukitazame kwa nyuma. Kikisimama wima, na soli imelika sawa kushoto na kulia, kioshe, kianike juani, kitumike. Kikiwa kimelala upande, au alama ya vidole vya mwenyewe wa zamani imechimbika ndani, kirudishe kwenye rundo. Ukikinunua, mtoto wako atatembea kwa mwendo wa mwingine.

Yapo pia mambo ambayo kiatu chochote kisipewe. Mtoto aliyezaliwa nyayo zimepinda kwa ndani apelekwe hospitali wiki zilezile za mwanzo. Mbinu ya daktari Ponseti, ya plasta zinazobadilishwa kila wiki na kisha viatu maalumu vyenye chuma katikati, huzinyosha, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam huitoa. Apelekwe pia anayechechemea, mwenye unyayo mgumu au wenye maumivu, mwenye matege ya mguu mmoja, na asiyetembea akiwa amepita miezi 18. Kwa hao, pesa ya kiatu kipya iwe nauli ya kwenda kliniki kwanza.