Utengano wa Awamu katika Michanganyiko ya Fuwele Kimiminika na Kiyeyushi: Mfano wa Sufuria ya Sabuni, Dumila

Sabuni ya mche inayouzwa madukani Dumila, kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, haielezeki kwa mlinganyo wa kemia peke yake. Mlinganyo huonyesha jinsi mafuta na kostiki soda vinavyozaa sabuni na gliseroli. Hauonyeshi kwa nini rojo lililokuwa likichemka vizuri hugeuka ghafla kuwa gundi isiyokorogeka. Jibu limo katika tabia ya fuwele kimiminika, yaani maada inayotiririka ilhali molekyuli zake zimejipanga kwa utaratibu unaokaribia ule wa fuwele.

Fuwele kimiminika alizozieleza Friedrich Reinitzer mwaka 1888 hutawaliwa na jotoridi. Jamii hiyo ndiyo iliyomo katika vioo vya vikokotoo. Sabuni ni ya jamii nyingine, ambayo hutawaliwa zaidi na kiasi cha kiyeyushi, hapa maji. Maji yakiwa mengi, molekyuli zake hukusanyika katika vifundo vidogo, vichwa vikielekea majini na mikia ikijificha ndani. Ukolezi ukipanda, vifundo hurefuka kuwa fimbo zilizopangwa kama vyumba vya sega la nyuki. Sabuni ikifikia takribani theluthi mbili ya uzito wote, fimbo hutoweka na nafasi yake huchukuliwa na tabaka bapa zenye maji katikati yake.

Hapa ndipo uzoefu wa jikoni unapopotosha. Awamu ya tabaka ina maji machache, lakini hutiririka kwa sababu tabaka moja huteleza juu ya nyingine. Awamu ya fimbo ina maji mengi zaidi, nayo ndiyo ngumu. Mpishi aliyezoea uji, akiona rojo linakaza, huongeza maji. Katika sabuni, maji hayo yaweza kulisukuma rojo lote ndani ya awamu ya fimbo, kuni zikateketea bure.

Kinachohitajika ni chumvi. Ioni za sodiamu zinazoongezeka hudhoofisha msukumano wa vichwa vya sabuni na kupunguza uwezo wa maji kuiyeyusha. Mchanganyiko hugawanyika: sabuni hupanda juu, maji ya chumvi yenye gliseroli na kostiki soda iliyosalia hutuama chini. Kostiki hiyo isipoondolewa, itaichubua mikono ya mfuaji.

James William McBain na wenzake, katika miaka ya 1920, waliyachunguza mapishi haya kwa kanuni ya awamu ya Gibbs. Gliseroli ikiwekwa kando kwa urahisi wa hoja, vijenzi ni vitatu: sabuni, maji na chumvi. Jotoridi na kanieneo zisipobadilika, awamu mbili huacha uhuru mmoja tu; ukolezi wa chumvi katika maji ya chini ukijulikana, muundo wa sabuni ya juu umekwisha kuamuliwa. Awamu zikiwa tatu, uhuru hauna nafasi: chumvi inayoongezwa hubadilisha wingi wa kila awamu, si muundo wake, hadi mojawapo itoweke.

Kwa hiyo mpishi asiye na maabara aweza kupata dokezo kuhusu sabuni yake kwa kupima densiti ya maji ya chini kwa haidrometa, kifaa ambacho mafundi betri wanacho. Kipimo hicho hakihamishiki kutoka mafuta hadi mafuta: sabuni ya nazi huhitaji chumvi nyingi zaidi kuliko ya alizeti au mawese kabla haijatengana.