Neno "Simu" na Mizigo Yake: Istilahi za Huduma Unganishi ya Mawasiliano

Ndugu mmoja mfasiri, anayefanya kazi Marekani miongoni mwa familia zilizotoka Kongo na Burundi, alituletea miezi michache iliyopita kijikaratasi cha maelezo kilichokuwa kimefasiriwa na mtu mwingine, akatuomba tukisome na kukitolea maoni. Kijikaratasi hicho kiliwafundisha wageni namna ya kuitumia huduma iitwayo Google Voice. Kilikuwa na kurasa mbili tu, lakini katika kurasa hizo neno "simu" lilirudiwa hata macho yakachoka, na sentensi moja ilisomeka hivi: "Simu itasambazwa kwa simu zako zote, na simu ya dharura haiwezekani." Kwa maelezo ya ndugu yetu, mama mmoja aliyesomewa sentensi hiyo alielewa mambo mawili: kwamba mazungumzo yake yatasikika kwa watu wengi, na kwamba ukitokea msiba kwao hataweza kupigiwa. Akaikataa namba. Mwandishi wa asili hakukusudia lolote kati ya mambo hayo.

Kwa kuwa makosa ya namna hii tunayaona pia katika miongozo ya ofisi na ya kampuni za simu hapa nyumbani, tumeonelea vyema kuyajadili kwa marefu kidogo. Maneno tutakayoyataja ni mapendekezo ya dawati letu, wala hayajasanifiwa. Wasomaji wana hiari ya kuyapinga.

Yapasa kwanza kuieleza huduma yenyewe, maana istilahi haiundwi kabla dhana haijaeleweka. Mwaka 2005 ilianzishwa Marekani kampuni iliyoitwa GrandCentral, ambayo ilimpa mteja namba moja ya simu isiyofungwa kwenye chombo chochote. Google iliinunua kampuni hiyo mwaka 2007. Mwezi Machi 2009 ikaitoa upya huduma hiyo kwa jina la Google Voice, na mwezi Juni 2010 ikaifungua kwa wakazi wote wa Marekani. Mteja huchagua namba, kisha huiarifu huduma ni vyombo gani anavyotaka viitikie namba hiyo: simu ya mkononi, simu ya mezani, hata kompyuta. Mtu akiipiga namba ile, vyombo vyote vilivyotajwa hulia kwa pamoja. Kile kitakachopokelewa kwanza ndicho kitakachotumika kwa mazungumzo, na vingine hunyamaza. Pasipopatikana mpokeaji, mpigaji huacha maneno yake. Maneno hayo huhifadhiwa, huandikwa na mtambo, na huweza kupelekwa kwa mwenyewe kwa njia ya baruapepe. Ujumbe mfupi wa maneno nao hufika mahali palepale. Zaidi ya hayo, mwenye namba aweza kuagiza kwamba jamaa zake wakipiga kilie chombo cha mfukoni, na watu asiowajua waende moja kwa moja kuacha maneno.

Haja hii si ngeni kwetu, ila sisi tuliikidhi kwa njia nyingine. Mkazi wa Dar es Salaam au wa Mombasa aghalabu ana laini mbili au tatu za kampuni mbalimbali, na mara nyingi zote zimo katika chombo kimoja chenye nafasi mbili za kadi. Kwa hiyo huku kwetu chombo kimoja huitwa kwa namba nyingi, ilhali katika huduma tunayoizungumzia namba moja huita vyombo vingi. Mfasiri asiyeigundua tofauti hiyo atapotoka tangu mstari wa kwanza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha matatizo, yaani neno "simu" lenyewe. Neno hili tulilipata kutoka Kiajemi, ambako "sim" ni waya, na wazee wetu walipokwenda posta kupeleka simu walikuwa wakipeleka telegramu. (Tuseme kwa kupita tu kwamba "simkadi" haina udugu wowote na neno hili, jina hilo limetokana na kifupisho cha Kiingereza kilichofanana nalo kwa bahati.) Leo neno hilihili limebeba mizigo mitatu. Tukisema "simu yangu imeibiwa" tunakusudia chombo. Tukisema "nimepokea simu" tunakusudia tendo la kuitwa na kuzungumza. Tukisema "nipe simu yako nitakupigia" tunakusudia namba. Katika mazungumzo ya kila siku mizigo hiyo haigongani, kwa sababu chombo, tendo na namba vilikuwa vikienda pamoja: anayeipiga namba hukifikia chombo kile kile. Lakini huduma hii kazi yake hasa ni kuvitenganisha vitu hivyo vitatu. Kwa hiyo lugha inayoviita kwa jina moja haina budi kujihadhari.

Wako waliopendekeza kwamba tendo liitwe "mwito", na "simu" ibaki kuwa jina la chombo. Hatukubaliani nao. Mwito umekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuitwa kwenye shauri au kwenye kazi, na hakuna Mswahili atakayesema amepokea mwito kutoka kwa shangazi yake. Vitenzi vyenyewe vinatuonyesha njia: simu hupigwa, hupokelewa, hukatwa. Hayo yote ni ya tendo. Shauri letu ni kwamba, katika maandishi ya huduma za namna hii, "simu" itumike kwa tendo peke yake; chombo kiitwe "chombo" au "kifaa", au kwa ukamilifu "simu ya mkononi" na "simu ya mezani"; na namba iitwe "namba" kila mahali. Wenzetu wa Kenya wataandika "nambari", wala hilo halina madhara. Sentensi ya kijikaratasi chetu ingeanza hivi: "Mtu akiipiga namba yako, vifaa vyako vyote vitalia." Neno "simu" halimo kabisa, na maana imetimia.

Sasa tuje kwenye "kusambaza". Neno hili tunalikuta katika tafsiri nyingi za vifaa vya simu kwa maana ya simu iliyopigwa kwenye namba moja kupelekwa kwenye namba nyingine. Hapo, kwa maoni yetu, halifai. Kusambaza ni kukifikisha kitu kwa wengi au kukieneza: husambazwa vitabu, husambazwa maji, husambazwa uvumi. Kwa Wakenya kuna tatizo jingine, maana Sambaza ni jina la huduma ya Safaricom ya kumpelekea mtu mwingine salio la simu. Na mtumiaji wa WhatsApp amezoea kwamba kilichosambazwa ni ujumbe uliopelekwa kwa wengine wausome. Si ajabu basi kwamba mama yule aliogopa.

Tunapendekeza vitenzi vitatu, na tunaomba visichanganywe. "Kuelekeza simu" ni kuagiza kabla kwamba simu inayopigwa kwenye namba fulani ilie kwenye namba au kifaa kingine. "Kuhamisha simu" ni kuitoa simu iliyokwisha kupokelewa kutoka kwa mtu mmoja au kifaa kimoja na kuipeleka kwingine, kama afanyavyo karani wa mapokezi. Kitenzi cha tatu ni "kuliza", yaani kufanya vifaa kadhaa vilie kwa wakati mmoja: "kuliza vifaa vyote". Tunajua kwamba kuliza pia ni kumtoa mtu machozi. Hata hivyo kengele hulizwa, na hakuna aliyewahi kuihurumia kengele. Tulipolijadili dawatini, mwenzetu mmoja alidai kwamba hapa ndipo "kusambaza" lingekuwa sahihi, kwa kuwa simu inafikishwa kwa vifaa vingi. Hoja yake ina uzito; lakini kinachofikishwa kwa vingi ni mlio tu, na mazungumzo yanabaki kuwa ya kifaa kimoja. Mlio usambazwe akitaka, simu isisambazwe.

Kuhusu maneno anayoyaacha mpigaji, watu wengi huyaita "ujumbe wa sauti", na jina hilo ni zuri. Bahati mbaya limekwisha kuchukuliwa na jambo jingine, yaani vile visauti ambavyo watu hurekodi na kupelekeana kwa WhatsApp pasipo kupigiana simu. Hatudhani kwamba tunaweza kuwanyang'anya watu jina hilo. Tunaloweza kufanya ni kukipa jina mahali maneno yanapohifadhiwa, nalo ni "sanduku la sauti". Watu wetu wanayajua masanduku ya posta. Wanajua kwamba sanduku lina namba, lina mwenyewe, na barua hukaa humo mpaka mwenyewe aje. Basi kilichomo humo kiitwe "ujumbe wa sanduku la sauti" pale ambapo utata wahofiwa, na "ujumbe" tu pale ambapo hauhofiwi. Mfasiri akumbuke pia kwamba kwetu sanduku hili halijazoeleka. Wengi wakisikia mtambo unawaambia waache ujumbe hukata, wakitegemea kwamba mwenyewe ataiona namba yao na kuwapigia. Tabia hiyo imezaliwa na kubipu, ambako simu isiyopokelewa ni ujumbe uliokamilika. Kwa hiyo haitoshi kuandika "acha ujumbe". Iandikwe: "Subiri mlio, kisha sema jina lako na shida yako."

Maandishi yanayotolewa na mtambo kutokana na ujumbe huo tunayaita "unukuzi", kutokana na kunukuu. Tunawaonya hasa watumishi wa ofisi wasiyaite "nakala". Nakala ni mfano wa kitu kama kilivyo, ilhali mtambo hubahatisha. Katika miaka ya mwanzo ya Google Voice, maneno ambayo mtambo haukuwa na hakika nayo yalichapwa kwa rangi hafifu, na watu walicheka sana kwa yaliyokuwa yakitoka. Unukuzi wa mtambo ukiwekwa jaladani kama nakala ya alichosema mwananchi, kuna siku utamletea mtu hasara.

Huduma hii pia humtaka mpigaji asiyejulikana ataje jina lake kwanza, kisha mwenye namba husikia jina hilo na kuamua kupokea au kumwachia sanduku. "Kuchuja simu" kunatosha, nasi tunalipendekeza neno hilo. Tunakiri kwamba tulivutwa sana na "hodi", maana jambo lenyewe ni hodi hasa: mtu yuko mlangoni, anajitaja, anasubiri karibu. Lakini hodi ni adabu ya mwenye kuja, na huku kuchuja ni amri ya mwenye nyumba. Tukaiacha, si bila masikitiko.

Mwenye namba akibonyeza 4 wakati wa kuzungumza na aliyempigia, mazungumzo huanza kurekodiwa, na sauti huwatangazia wote wawili. Tuseme "kurekodi". Zamani tulisema kunasa sauti, na chombo tukakiita kinasa sauti; lakini mtu akiandikiwa leo kwamba simu yake imenaswa, atafikiri anapelelezwa.

Jina la jumla la huduma za aina hii, zinazoweka simu, ujumbe mfupi, sanduku la sauti na baruapepe chini ya namba moja, limetutaabisha kuliko mengine. "Mawasiliano jumuishi" tumeyakuta mahali, lakini tangu izoeleke "elimu jumuishi", neno hilo humpeleka msomaji kwenye kutomwacha mtu nje, na hilo silo linalosemwa. "Mawasiliano ya pamoja" ni ya watu wengi kwa mara moja. Tukarudi kwenye kuunganisha, kitenzi ambacho opereta wa simu alikitumia tangu siku za waya na plagi. Tumeandika "huduma unganishi ya mawasiliano" kwa makusudi: kivumishi kinashikamana na huduma, kwa kuwa huduma ndiyo inayounganisha.

Jambo dogo, ila la kuudhi: "arafa", jina litumikalo sana Kenya kwa ujumbe mfupi wa maneno, na "arifa", taarifa fupi inayojitokeza kwenye kioo cha kifaa, hutofautiana kwa irabu moja tu. Yakikutana katika ukurasa mmoja, mpiga chapa atayachanganya. Pale ambapo arifa ipo, mfasiri aandike "ujumbe mfupi".

Limebaki suala la dharura, ambalo ndugu yetu aliliweka mwisho wa barua yake akilipigia mstari. Namba ya Google Voice ya mtu binafsi haiwezi kupiga 911, namba ambayo Wamarekani huitumia kuita polisi, zimamoto au gari la wagonjwa, kama tunavyotumia 112 Tanzania. Onyo hilo yaweza kutegemea uhai wa mtu. Lakini kwa Kiswahili dharura ni pana: mtu huomba ruhusa kazini kwa dharura, na dharura hiyo yaweza kuwa msiba, mgonjwa, au karo ya mtoto. "Simu ya dharura haiwezekani" haimwambii mtu ni namba gani isiyopigika, wala afanye nini nyumba ikishika moto. Sentensi tuliyompelekea badala yake ni hii: "Kwa namba hii huwezi kupiga 911. Ukihitaji polisi, zimamoto au gari la wagonjwa, piga 911 kwa namba ya kawaida ya simu yako ya mkononi au ya mezani. Ndugu zako wataendelea kukupata kwa namba hii wakati wowote." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza kwa zaidi ya mara mbili, na mchapaji wa kijikaratasi alilalamika kwamba haienei. Tulimjibu apunguze picha.